Mguu Unapokakamaa: Neva, Muhogo na Maji ya Uwanda wa Makonde

Mazungumzo ya leo yanahusu ubongo, uti wa mgongo na neva, zile ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu. Elimu ya neva ikitajwa, mawazo ya watu hukimbilia hospitali za Muhimbili na KCMC, au India, kwenye mashine zinazopiga picha za kichwa. Mashine hizo zina kazi yake, na hakuna wa kuzibeza. Lakini sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inayafahamu kuhusu ugonjwa mmoja mzito wa neva imejifunzwa vijijini, katika nchi za muhogo mchungu, ukame na maji ya shida. Nchi ya Masasi na Newala imo katika historia hiyo.

Wasio wa Mtwara wanaijua Lupaso ya Masasi kwa sababu moja: ndiko alikozaliwa Rais wa awamu ya tatu, Benjamin William Mkapa, tarehe 12 Novemba 1938, na ndiko alikozikwa Julai 2020. Wenyeji wanaijua kwa mengine pia: mikorosho, mbaazi, mtama na muhogo. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Ukipanda juu kwenye uwanda wa Makonde kuelekea Newala, mchanga unameza mvua yote inayonyesha, na mito ya kudumu hakuna. Vizazi kwa vizazi kina mama wameteremka mabondeni kuchota maji na kuyapandisha kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, wenye mizizi yake katika miaka ya 1950, umepunguza adha hiyo bila kuimaliza. Jambo hili la maji tutalirudia, kwa sababu lina mkono wake katika maradhi ya neva.

Kwanza tuujue mwili. Ili mtu ainue mguu, amri hutoka kwenye gamba la ubongo, juu kabisa kichwani. Amri hiyo hupita kwenye neva moja ndefu inayoteremka hadi chini ya ubongo, ikavuka upande wa pili, kisha ikashuka ndani ya uti wa mgongo. Ndiyo maana aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo hupooza mkono na mguu wa kushoto. Kiunoni neva hiyo ya kwanza haiendi mbele zaidi. Hukabidhi amri kwa neva ya pili, kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti, na neva ya pili ndiyo inayotoka mgongoni kwenda kwenye msuli wa paja au wa shavu la mguu. Sambamba na hizo zipo neva nyingine zinazopandisha habari kuelekea ubongoni: joto, baridi, maumivu, mguso, na mahali unyayo ulipokanyaga.

Elimu yote ya maradhi ya neva huanza na swali moja: njia imekatika wapi? Na hapo tabibu wa zahanati, mwenye nyundo ndogo ya mpira na kipande cha pamba, anaweza kufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Tumtazame anavyofanya. Mgonjwa anaketi pembeni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Tabibu anagonga taratibu chini ya pia ya goti. Mguu wa mtu mwenye afya hurushwa mbele kidogo na kutulia. Ikiwa neva ya pili, ile inayotoka mgongoni kwenda msulini, imekufa, goti halijibu kitu; msuli umelegea, na baada ya wiki kadhaa unanywea. Hivyo ndivyo polio inavyofanya, na ndiyo sababu mguu wa aliyeugua polio huwa mwembamba na legevu. Lakini ikiwa iliyoumia ni neva ya kwanza, ile ya juu, mambo ni kinyume chake. Goti hurusha mguu kwa nguvu kupita kiasi, msuli umekaza, na mguu ni mgumu kuukunja. Kisha tabibu hupitisha kitu butu kwenye unyayo, kutoka kisiginoni kuelekea vidoleni. Kidole gumba cha mtu mzima mwenye afya hukunjika kuelekea chini. Cha mwenye jeraha katika njia ya juu huinuka. Daktari Joseph Babinski alikieleza kipimo hiki mjini Paris mwaka 1896, na mpaka leo hakihitaji umeme wala hela.

Kipande cha pamba nacho kina kazi yake, hasa kwa ukoma. Wengi huuhesabu ukoma kuwa ugonjwa wa ngozi, kwa kuwa baka ndilo linaloonekana. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda kukaa ndani ya chembe zinazozizunguka neva za nje, hasa zile zilizo karibu na ngozi, penye ubaridi kidogo: nyuma ya kiwiko, pembeni mwa goti, kwenye kifundo cha mguu. Neva ikiharibika, habari hazipandi tena. Mtu anashika chungu cha moto asijue. Anakanyaga mwiba akatembea nao kutwa nzima. Vidole huliwa na vidonda ambavyo mwenyewe hakuvisikia. Kwa hiyo tabibu humwambia mgonjwa afumbe macho, akamgusa kwa pamba juu ya baka, na kumwomba aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Asipoweza, ni dalili kubwa ya ukoma.

Hospitali za misheni za kusini, Ndanda ya Wabenediktini na Lulindi ya Waanglikana, zilihudumia wagonjwa wa ukoma kwa miongo mingi. Lulindi ndiko alikofikia mwaka 1935 daktari mpasuaji Leader Stirling, Mwingereza ambaye baadaye alikuwa raia wa Tanzania na, katika miaka ya 1970, Waziri wa Afya. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza dawa za mchanganyiko zinazoua bakteria huyo kabisa, na hutolewa bure. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha kuwa na mgonjwa chini ya 1 kwa kila watu 10,000. Wagonjwa wapya bado wapo, na anayewahi dawa kabla neva hazijafa hubaki na viungo vyake vyote.

Sasa tufike kwenye ugonjwa ambao ndio kiini cha mazungumzo haya. Unaitwa konzo.

Konzo huja ghafla. Mtoto amelala mzima, asubuhi anaamka miguu haimbebi. Au mama amerudi shambani, amefanya kazi ngumu au ametembea mwendo mrefu, na kabla siku haijaisha miguu inatetemeka na kumwangusha. Hakuna homa kali, hakuna maumivu ya kutisha. Akili ni timamu, mkojo na choo viko sawa, na pamba ikigusa unyayo mgonjwa anaisikia vizuri. Kilichokufa ni ile neva ya kwanza tu, ya kutoka ubongoni, na kwa pande zote mbili sawasawa. Miguu hukaza. Mgonjwa hutembea kwa vidole bila kisigino kufika chini, magoti yakigongana na mguu mmoja ukipita mbele ya mwenzake. Aliyeguswa kidogo hutembea bila fimbo. Wa pili huhitaji mkongojo mmoja au miwili. Wa tatu hatembei kabisa, na walio na hali mbaya zaidi hupata shida ya kutamka maneno na ya macho.

Katika wiki za mwanzo huweza kuonekana nafuu kidogo. Baada ya hapo, kwa kawaida, hali hubaki vilevile maisha yote, haizidi wala haipungui. Neva iliyokufa ndani ya uti wa mgongo haioti tena, na hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba inayoirudisha. Mazoezi ya viungo, magongo mazuri, na kwa baadhi upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino humsaidia mgonjwa kuishi na kufanya kazi. Msaada huo ni wa thamani kubwa, ila kumponya haumponyi.

Wanaoshikwa zaidi ni watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake wa umri wa kuzaa. Watoto wachanga wanaonyonya huwa salama. Jambo hilo peke yake liliwafanya wachunguzi watazame chakula.

Daktari Trolli alikuwa wa kwanza kuandika habari za konzo, mwaka 1938, kutoka eneo la Kwango katika Kongo ya Wabelgiji. Kisha ugonjwa ukawa kama umesahauliwa hadi mwaka 1981, ng'ambo ya mto Ruvuma kusini, katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipokakamaa miguu katika mwaka wa ukame mkali. Daktari kijana kutoka Sweden, Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi Nacala, alikuwa miongoni mwa waliouchunguza mlipuko huo. Wengi walidhani ni polio, au sumu iliyowekwa na adui. Nyundo ya mpira ilikanusha polio papo hapo: magoti yalikuwa yakiruka.

Tanzania nayo ilipata zamu yake. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, konzo ilizuka Tarime mkoani Mara. William Howlett, daktari wa neva wa KCMC Moshi, Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na Rosling mwenyewe waliichunguza, na ripoti yao ilitoka mwaka 1990 katika jarida la Brain, mojawapo ya majarida makubwa ya neva duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mlingi na wenzake walifuatilia hapa Masasi watu waliougua ghafla baada ya kula ugali wa muhogo: kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, mwili kuisha nguvu saa chache tu baada ya chakula. Hiyo ilikuwa sumu ya papo kwa papo, ndugu wa konzo. Konzo yenyewe ikaja kuripotiwa kusini mwa nchi, mkoa wa Mtwara ukiwamo, katika miaka ya 2000.

Kwa nini muhogo? Na kwa nini mwaka fulani, si kila mwaka, ilhali muhogo unaliwa siku zote?

Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini. Ndani ya mzizi huohuo kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja, ila vyote viwili vimetengwa, kila kimoja mahali pake. Mzizi ukitwangwa, ukikwaruzwa au ukiloweshwa ukaoza, kuta za chembe hupasuka, vitu hivi viwili hukutana, na matokeo yake ni gesi ya sayanidi inayopaa hewani. Ikipaa, chakula ni salama. Linamarini ikibaki ndani ya unga, mlaji ndiye anayeipokea sayanidi mwilini mwake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 10 za sayanidi kwa kila kilo ya unga.

Mwili nao una njia ya kujitetea. Ini huifunga sayanidi kwa salfa na kuitoa kwa mkojo, na salfa hiyo hutoka kwenye protini: samaki, nyama, mayai, kunde, mbaazi. Familia inayokula ugali wa muhogo pamoja na dagaa na mbaazi inaweza kuhimili sumu kidogo. Katika mwaka wa njaa kitoweo hakipo. Wakati huohuo ukame huufanya muhogo utengeneze linamarini nyingi kuliko kawaida. Kisha njaa inabisha hodi, na makopa ya muhogo yaliyotakiwa kukauka juani kwa wiki nzima au zaidi yanatwangwa mapema, kwa sababu watoto wanalia leo. Sumu imeongezeka, ulinzi umepungua, muda umefupishwa. Yote matatu hukutana kwenye sahani moja, wiki baada ya wiki, na neva ndefu kuliko zote, zile za kwenda miguuni, ndizo zinazoanguka. Wanasayansi bado wanajadiliana ni kemikali ipi hasa inayoiua neva, sayanidi yenyewe au mojawapo ya mabaki yake. Chanzo kwenye sahani hakijadiliwi tena.

Hapa lazima haki isemwe. Ni rahisi kwa mtu wa ofisini kuuliza kwa nini wakulima wasiache muhogo mchungu. Wakulima wana sababu zao. Muhogo mchungu hauguswi ovyo na nguruwe pori, nyani, wala mwizi. Hukaa ardhini ukamngoja mwenyewe hata mtama unapokufa kwa jua. Bila huo, njaa ingekuwa imeua wengi kuliko konzo. Na katika nchi kama Kongo, kina mama huulowesha muhogo siku kadhaa mtoni au dimbwini mpaka ulainike, njia inayoondoa sumu karibu yote. Juu ya uwanda wa Makonde maji ya kulowesha debe kwa debe yatoke wapi, na ya kunywa yanabebwa kichwani kutoka bondeni? Kukausha juani ndiyo njia iliyowezekana, na kukausha peke yake huacha sumu nyingi zaidi. Mama wa Newala hakukosa maarifa. Alikosa maji.

Ndiyo maana ugunduzi uliotoka maabara ya Profesa Howard Bradbury, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, una thamani ya pekee kwa kusini. Aling'amua kwamba kimeng'enya kile hakifi kwa kukauka. Kimo ndani ya unga, kimelala, kinangoja maji kidogo tu. Mlingi na wenzake walikwenda kuifundisha njia hiyo kwa kina mama wa vijiji vilivyoguswa na konzo mkoani Mtwara. Inafanyika hivi.

Mimina unga wa muhogo kwenye beseni, uusawazishe, na uweke alama ya kalamu au mkaa ndani ya beseni pale unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya kwa mkono. Mwanzoni unga utashuka chini ya alama, kwa kuwa hewa inatoka. Endelea kuongeza maji na kuchanganya mpaka unga upande tena na kufika kwenye alama ileile. Hapo simama, haupaswi kuwa uji, ni unga uliolowa tu. Utandaze juu ya mkeka au ungo, tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Katika muda huo kimeng'enya kinaamka, linamarini inavunjika, na gesi inapaa. Kwa sababu gesi hiyo ni sumu, utandazwe mahali penye hewa, si ndani ya chumba walimolala watoto. Kisha songa ugali siku hiyohiyo, maana unga uliolowa hauwekeki. Kwa njia hii sumu hupungua mara 3 hadi 6, na uchungu wa ugali unapungua nao.

Je, inazuia konzo kweli? Jibu la wazi lilitoka katika kijiji cha Kay Kalenda, eneo la Popokabaka, Kongo, kulekule Kwango konzo ilikoandikwa kwa mara ya kwanza. Daktari Banea na wenzake walifundisha kina mama kuloanisha unga kila siku, kuanzia mwaka 2010, na wakawafuatilia kwa mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo hakupatikana mgonjwa mpya hata mmoja. Gharama ilikuwa beseni, mkeka na mafunzo.

Suala la maji lina upande mwingine pia. Mwaka 1952 na 1953 uwanda huu wa Makonde ulikumbwa na homa ya kuumiza viungo iliyowakunja watu wazima wasiweze kusimama. Daktari Marion Robinson alieleza dalili zake, na W. H. R. Lumsden akaeleza jinsi ilivyoenea. Ripoti zao zilichapishwa mwaka 1955, na ugonjwa ukapewa jina la chikungunya kutoka kinywani mwa wenyeji. Ulisambazwa na mbu wa Aedes, ambaye hutaga kwenye vyungu na mapipa ya maji yanayohifadhiwa nyumbani. Watu wanaobeba maji kutoka mbali hawana budi kuyahifadhi. Kwa miaka mingi chikungunya ilihesabiwa kuwa homa ya viungo tu. Mwaka 2005 na 2006 ilipokumba kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi na kuwashika karibu theluthi moja ya wakazi, madaktari waliona virusi hivyo vikiudhuru ubongo wa baadhi ya watoto walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, na kuleta uvimbe wa ubongo na kupooza kwa baadhi ya watu wazima. Kufunika pipa la maji, basi, nako ni kulinda neva.

Nini kifanyike katika wilaya za Masasi, Newala na Tandahimba? Kwanza, nyundo ya mpira na pamba ziwe juu ya meza ya kila zahanati, na tabibu azitumie. Mtoto aliyekakamaa miguu ghafla asiandikwe tu kuwa amepooza; ikiandikwa kwamba magoti yanaruka na hisia zipo, Mganga Mkuu wa Wilaya atajua mara moja kwamba hii si polio. Wakionekana wawili au watatu katika kijiji kimoja, swali linalofuata ni la jikoni: makopa yalikaushwa siku ngapi, na wiki hizi kitoweo kilikuwa nini? Kitabu cha Howlett kuhusu neva barani Afrika, kilichotoka mwaka 2012 na kinachopatikana bure, kinaeleza haya kwa lugha ambayo mwanafunzi yeyote wa utabibu ataielewa.

Pili, mbegu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele hapa Mtwara kinashughulika na muhogo pamoja na korosho, na mbegu zenye sumu kidogo zinaweza kukaa shamba moja na ule mchungu, mkulima akijua upi wa kuchemsha na upi wa kukausha.

Tatu, mvua isomwe kuwa habari ya afya. Mvua ikikatika mapema, Machi au Aprili, hatari ya konzo ipo katika miezi ya kiangazi inayofuata. Taarifa hiyo imfikie Mganga Mkuu wa Wilaya mwezi uleule, wahudumu wa afya wa vijijini wapite na beseni na mkaa wa kuwekea alama mwezi Mei, na chakula cha msaada kikitolewa kiwe na kunde na mbaazi ndani yake. Mafunzo yafanywe uwanjani mwa mama mmoja kila kitongoji, kwa unga wake mwenyewe, na jioni ile wote waule ugali wake.